Mdogo wangu ameitwa vyuo vikuu viwili: hizi asilimia nizisomeje?

"Mimi ni dada mkubwa. Mdogo wangu wa kiume ameitwa vyuo vikuu viwili vya umma, kozi ileile ya uhandisi wa umeme, na tunatakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya wiki tatu. Nimekaa na vijitabu vyao nikanakili namba. Chuo cha kwanza kilipata waombaji 40,000 kikawachukua 4,000. Cha pili kilipata waombaji 9,000 kikawachukua 6,000. Kwa cha kwanza asilimia 71 ya wanaoingia huhitimu, kwa cha pili ni 58. Lakini cha pili kinasema asilimia 92 ya wahitimu wake wana kazi ndani ya mwaka mmoja, na cha kwanza kimeandika 78. Wajomba wanasema chuo kinachochukua theluthi mbili ya waombaji ni chuo cha waliokosa pa kwenda. Mdogo wangu alifaulu vizuri, ila hisabati ilimtoa jasho. Chuo cha pili kimemwahidi msaada wa nusu ya ada. Mimi ndiye ninayemlipia tangu wazazi watutoke, na sina uwezo wa kulipa mara mbili kwa kosa moja. Namba hizi zinaniambia nini hasa?"

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza kuhusu namba, lakini ninachokisikia ni hofu ya mtu aliyebeba maisha ya mwenzake: usije ukamnyima mdogo wako chuo kizuri kwa sababu ya ada, wala usije ukampeleka kwenye jina kubwa akarudi nyumbani mwaka wa pili, cheti hana na fedha zimekwisha. Ni hofu ya haki. Na umeshafanya jambo ambalo walezi wengi hawalifanyi: umenakili namba zote, hukuishia kwenye ile moja iliyochapishwa kwa herufi kubwa.

Nimefanya kazi ya takwimu za wanafunzi kwa miaka mingi, na mbele ya asilimia yoyote huanza na swali moja: asilimia ya nani? Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina namba ya juu, yaani kiasi, na namba ya chini, yaani asili. Chuo hukutangazia jibu la kugawanya tu. Habari yenyewe imejificha kwenye asili: akina nani wamehesabiwa pale chini, na akina nani wameachwa nje. Tuzipitie namba zako kwa swali hilo.

Tuanze na ile inayowasumbua wajomba. Chuo cha kwanza kimechukua mtu 1 kati ya 10, cha pili theluthi mbili. Wengi huisoma kama kipimo cha ubora, na nawaelewa, kwa sababu foleni ndefu huvutia macho. Lakini namba hiyo inapima urefu wa foleni mlangoni. Kinachoendelea ndani ya madarasa haikigusi. Na foleni hurefushwa na mambo mengi yasiyohusiana na ufundishaji: chuo kiko mji mkubwa, jina lake linajulikana, au fomu yake ni rahisi kujaza. Pale ambapo fomu moja inatosha kuomba vyuo kadhaa, kijana mmoja anahesabiwa mara nyingi. Chukua mfumo wa Chuo Kikuu cha California huko Marekani. Fomu ni moja kwa kampasi tisa, mwombaji anachagua anazozitaka na kulipia kila moja. Kwa muhula ulioanza mwaka 2022, kampasi ya Los Angeles peke yake ilipata maombi karibu 150,000 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ikakubali chini ya mmoja kati ya 10. Sehemu kubwa ya vijana hao walikuwa wameomba pia Berkeley, San Diego na kwingineko. Kila mmoja akiongeza kampasi moja kwenye fomu yake, asilimia ya udahili inashuka kila mahali, ingawa hakuna mhadhiri hata mmoja aliyebadilika na hakuna kiti kilichopungua.

Upo pia upande wa pili wa jambo hilo. Chuo kinachotangaza alama za chini kabisa za kuingilia, kikazisimamia, hupata waombaji wachache kwa sababu wasiofikisha hawajisumbui. Kwenye karatasi kitaonekana kinachukua karibu kila mtu, na huenda wote hao ni wazuri. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, hakidai sifa za awali kwa kozi zake nyingi za shahada ya kwanza. Mlango uko wazi, lakini mitihani ya kuimaliza shahada haijawahi kuwa ya kubembelezana. Kwa hiyo waambie wajomba, kwa heshima zote, kwamba "theluthi mbili" haiwataji watu waliokosa pa kwenda. Inawataja watu waliojua wanachokiomba, au watu waliojipima kwanza. Ni akina nani kati ya hao, asilimia yenyewe haisemi.

Kitu kimoja zaidi kuhusu udahili. Wale 4,000 na 6,000 ni waliopewa nafasi, ambao si lazima wawe waliosajiliwa. Vyuo hutoa nafasi nyingi kuliko viti kwa sababu vinajua wengine hawatatokea. Mtu anaweza kuwa "amechukuliwa" na vyuo vitatu kwa wakati mmoja, kama mdogo wako alivyochukuliwa na viwili. Namba ya waliosajiliwa ndiyo itakayokuambia atakaa na wangapi darasani, maabara itagawanywa kwa watu wangapi, na mhadhiri mmoja atabeba vijana wangapi. Iombe.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo hata wasomi huliangukia: kuchukua asilimia ya chuo kizima kana kwamba ni ya kozi. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambacho ni cha umma, kilipokea maombi ya shahada za juu kutoka kwa wanaume 8,442 na wanawake 4,321. Wanaume waliokubaliwa walikuwa asilimia 44, wanawake 35. Ukiishia hapo utasema wanawake walionewa mlangoni. Watafiti Peter Bickel, Eugene Hammel na William O'Connell walizifungua namba hizo idara kwa idara, wakachapisha walichokiona mwaka 1975. Katika moja ya idara kubwa, wanaume walioomba walikuwa 825 na asilimia 62 wakakubaliwa. Wanawake walikuwa 108 tu, na asilimia 82 wakakubaliwa. Katika idara nyingine wanaume 373 na wanawake 341 waliomba, na waliokubaliwa ni asilimia 6 kwa wanaume na 7 kwa wanawake. Ulipolinganisha ndani ya idara, ile tofauti kubwa haikuonekana, na kwa jumla ilielemea kidogo upande wa wanawake. Kilichotokea ni kwamba wanawake walikuwa wamejazana kwenye idara zinazokataa karibu kila mtu, wanaume kwenye zinazopokea wengi. Watafiti hao hawakusema kwamba dunia ilikuwa ya haki. Walionyesha kwamba mchujo ulianza mbali kabla ya mlango wa chuo, pale wasichana walipoelekezwa kwenye masomo fulani.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa sababu unakuhusu moja kwa moja. Ile 71 na ile 58 ulizozinakili ni wastani wa chuo kizima: lugha, sheria, biashara, ualimu, sayansi, vyote kwenye chungu kimoja. Uhandisi wa umeme una tabia yake. Inawezekana kabisa chuo chenye 58 kikawa na idara ya uhandisi inayohitimisha wengi kuliko ile ya chuo chenye 71, kwa sababu tu chuo cha pili kina wanafunzi wengi zaidi kwenye kozi ngumu. Mpaka upate namba ya idara, hujapata namba ya mdogo wako.

Asilimia ya kuhitimu yenyewe tuifungue taratibu. Inatengenezwa hivi: ofisi inachukua mkupuo mmoja, tuseme wote walioingia mwaka fulani, inasubiri miaka kadhaa, kisha inahesabu waliovaa joho. Maswali ni mawili. Nani alihesabiwa kwenye mkupuo? Na ofisi ilisubiri muda gani? Marekani, ambako sheria ya mwaka 1990 ililazimisha vyuo kuitoa namba hii hadharani, kipimo cha kawaida kinahesabu wanaoingia chuo kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote, na kinawapa nusu tena ya muda wa kozi. Shahada ya miaka minne inasubiriwa sita. Aliyehitimu mwaka wa sita anahesabika sawa na aliyehitimu wa nne, ingawa mlipa ada anajua vizuri kwamba hawako sawa. Na aliyehamia chuo kingine akahitimu huko kwa heshima, kwenye kipimo hicho anabaki upande wa wasiohitimu pale alipoanzia, na kule alikomalizia hayumo kwenye mkupuo. Kijana amefaulu, lakini hakuna asilimia ya kuhitimu inayomwonyesha.

Kwa hiyo 58 haina maana kwamba 42 walifeli. Humo kuna waliohama, walioahirisha masomo kwa ugonjwa au uzazi, wanaorudia mwaka na bado wako darasani, walioishiwa ada, na wale ambao wanafunzi wenyewe husema wamedisko, yaani wameondolewa chuoni kwa kufeli. Nimewahi kukaa na orodha ya namna hiyo mbele yangu, nikiipitia jina kwa jina. Safu ya mwisho, ile ya sababu ya kuondoka, ilijaa neno moja kurasa kwa kurasa: haijulikani. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Nilipowatafuta wachache kati yao, mmoja alikuwa amebakiza somo moja tu na deni dogo la ada, akaona haya kurudi. Kwenye takwimu za chuo alikuwa sawa na mtu aliyeingia wiki ya kwanza akakimbia.

Kuna jingine la kuliweka wazi. Chuo kinachochagua wenye alama za juu kabisa kitahitimisha wengi hata kama ufundishaji wake ni wa kawaida, kwa sababu kimepokea watu ambao wangehitimu popote. Huwezi kuipima hospitali kwa idadi ya vifo bila kuuliza inapokea mafua au inapokea mahututi. Swali la maana kwako ni hili: vijana walioingia na alama kama za mdogo wako, kwenye kozi hiyo, wangapi walimaliza, na kwa miaka mingapi? Ofisi ya takwimu ya chuo inaweza kulijibu ikitaka.

Na wanaodhani asilimia hii ni sura ya kuzaliwa ya chuo, isiyobadilika, wanakosea. Chuo Kikuu cha Georgia State, cha umma, kilichoko Atlanta, mwaka 2003 kilikuwa kinahitimisha takriban asilimia 32 ya mkupuo ndani ya miaka sita. Baada ya takriban miaka kumi kilikuwa kimevuka nusu, na hakikufika huko kwa kuwafungia mlango watoto wa familia za kipato cha chini, ambao waliongezeka. Kilichofanyika kilikuwa kazi ya kila siku. Waliajiri washauri zaidi wa masomo, wakaweka mfumo unaofuatilia mamia ya dalili za hatari, kama mtu kujisajili somo lisilo la kozi yake au kupata alama dhaifu kwenye somo la msingi. Dalili ikitokea, mshauri anamtafuta mwanafunzi kabla hajazama. Walianza pia kutoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi waliokuwa wanaondolewa masomoni kwa deni la ada ambalo mara nyingi halikufika dola 1,000. Nikikuambia kwamba hiki ndicho cha kuchungulia unapotembelea chuo, simaanishi majengo. Uliza: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifeli jaribio la hisabati wiki ya sita, nani anajua, na anafanya nini?

Hapo ndipo mdogo wako na jasho lake la hisabati wanapoingia. Kwenye uhandisi, wanaoondoka wengi huondoka mapema, na mara nyingi kisiki ni hisabati na fizikia za mwaka wa kwanza. Kuna namba mbili ndogo ambazo vijitabu havina na zina thamani kwako kuliko 71 na 58. Ya kwanza ni wangapi kati ya walioanza mwaka wa kwanza wa kozi ile walirudi mwaka wa pili. Ya pili ni wangapi walifaulu somo la kwanza la hisabati bila sapu, yaani bila kurudia mtihani. Ukipata hizo mbili, nyingine zote unaweza kuzisoma kwa utulivu.

Tuje kwenye ajira, na ile 92 inayong'aa. Kama kuna asilimia moja ya kuulizwa "ya nani?" kwa sauti kubwa, ni hii. Mara nyingi hutokana na dodoso linalotumwa kwa wahitimu, na anayelijibu huwa na sababu ya kulijibu. Niliwahi kukaa siku nzima napiga simu kwa wahitimu wa mkupuo mmoja. Wenye kazi walipokea, wengine wakanitajia vyeo hata kabla sijauliza. Wasio na kazi, simu iliita mpaka ikakatika, au ikapokelewa na mama aliyesema kijana katoka. Sikumlaumu yeyote. Ni nani anataka kumwambia chuo chake kwamba bado anahangaika?

Tuseme kwa mfano wahitimu walikuwa 1,000, waliojibu 350, na kati ya hao 322 wana kazi. Hiyo ni asilimia 92, na chuo hakijasema uongo. Lakini ikiwa kati ya wale 650 waliokaa kimya ni nusu tu wenye kazi, basi jumla ya wenye kazi ni 647 kati ya 1,000, karibu asilimia 65. Chuo cha kwanza kilichoandika 78 huenda kiliwatafuta wote kwa bidii, na kikaadhibiwa kwa uaminifu wake. Sijui chako kilifanya lipi, na kijitabu hakisemi. Ndiyo maana lazima uulize: waliojibu ni wangapi? Uliza pia "kazi" ni nini. Kuuza vocha barabarani huku akisubiri ni kazi? Mafunzo ya vitendo yasiyolipwa je? Aliyeendelea na shahada ya pili amewekwa wapi? Na ni miezi mingapi baada ya kuhitimu? Uingereza dodoso la kitaifa hutumwa takriban miezi 15 baada ya masomo, ili watu wapate muda wa kutulia. Kuuliza baada ya miezi mitatu na kuuliza baada ya miezi 15 kutakupa majibu mawili tofauti kwa watu walewale.

Sasa fanya nami hesabu moja ambayo kijitabu hakiwezi kukufanyia. Asilimia ya ajira inahesabu wahitimu tu, na walioondoka njiani hawamo kabisa. Wewe humpeleki mhitimu, unampeleka mtu anayeanza. Kwa hiyo anzia mlangoni. Chuo cha kwanza, wakiingia 100, wanahitimu 71, na asilimia 78 ya hao ni kama watu 55. Chuo cha pili, wakiingia 100, wanahitimu 58, na asilimia 92 ya hao ni kama watu 53. Angalia: 55 na 53. Zile tofauti zilizokunyima usingizi, moja ikivuta huku na nyingine kule, zimekutana karibu mahali pamoja, na hapo tumezikubali namba za vyuo kama zilivyo. Hesabu hii si kamili, maana baadhi ya walioondoka nao wana kazi, na wengine walihitimu kwingine. Lakini inatosha kuonyesha kwamba karatasi ulizonazo hazimpi mshindi.

Vipi kuhusu jina? Nisikudanganye kwamba jina halina uzito wowote. Stacy Dale na Alan Krueger, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wanafunzi wa Marekani walioanza chuo mwaka 1976, walifanya ulinganisho wa busara. Waliwatazama vijana waliokubaliwa na vyuo vinavyofanana, kisha wakachagua tofauti, wengine chuo kinachobana sana, yaani kinachokubali wachache, na wengine kinachobana kidogo. Kwa wastani mapato yao baadaye hayakutofautiana sana. Aliyekuwa na uwezo wa kuitwa kule alikwenda na uwezo wake popote alipokwenda. Lakini waliona pia kwamba watoto wa familia za kipato cha chini walinufaika na chuo kinachobana. Na mwaka 2009 William Bowen, Matthew Chingos na Michael McPherson, wakichunguza vyuo vikuu vya umma vya Marekani, walikuta wanafunzi wenye maandalizi yanayofanana walihitimu kwa wingi zaidi walipoingia vyuo vinavyochagua zaidi. Kwa hiyo ile imani kwamba kijana wa wastani "atazama" kwenye chuo kikubwa, na ni salama zaidi kwenye kidogo, haina msingi imara kama watu wanavyodhani. Usimfiche mdogo wako kwenye chuo cha pili kwa kuogopa kwamba cha kwanza kitamshinda. Kama unakichagua cha pili, kiwe na sababu yake.

Na sababu inayonigusa mimi ni ile nusu ya ada. Ninaipa uzito mkubwa kuliko asilimia zote ulizoandika, kwa sababu nimewaona wengi mno wakiondoka kwa deni dogo wakiwa na alama nzuri. Fedha zikibana, kijana huanza kufanya kazi za usiku, anakosa maabara ya asubuhi, somo moja linabaki, mwaka unaongezeka, na mwaka ulioongezeka unadai ada yake. Ni mnyororo, na unaanzia kwenye fedha kabla ya kufika kwenye akili.

Lakini msaada huo nao uuulize vizuri. Ni wa miaka yote ya kozi au wa mwaka wa kwanza tu? Unahitaji wastani gani wa alama ili uendelee? Akishindwa somo moja, unasitishwa, unapunguzwa, au anapewa muhula wa kujirekebisha? Ada ikipanda, nusu ni ya ada mpya au ya zamani? Misaada mingi humvutia mtu mlangoni kisha humwacha katikati ya safari, na kwa kijana ambaye hisabati inampa taabu, sharti la alama za juu linaweza kuufuta msaada muhula uleule anaouhitaji zaidi.

Ukinibana niseme langu, nitasema hivi. Kama msaada wa chuo cha pili ni wa miaka yote, umeandikwa, na sharti lake la alama linafikika, na kama idara yake ina namba ya kuridhisha ya wanaovuka mwaka wa kwanza, ningechukua cha pili bila kuwaonea haya wajomba. Kama msaada ni wa mwaka mmoja tu, au idara inakwepa kukupa namba, ningejikaza kwa cha kwanza, mradi unaiona ada ya miaka yote, pamoja na mwaka mmoja wa akiba, bila kukopa kwa watu wa riba kubwa.

Majibu haya huwezi kuyapata kwa kusoma, inabidi uende au umtume unayemwamini. Nenda ofisi ya udahili kwanza, lakini usiishie hapo, kwa sababu kazi yao ni kujaza nafasi. Omba kumwona mkuu wa idara ya uhandisi au mratibu wa kozi. Watafute wanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyohiyo, si waliopangwa kuwatembeza wageni, uwaulize darasa lao lilianza na wangapi na sasa wako wangapi. Hesabu hiyo wanaijua kwa majina. Ofisi ya mikopo na misaada ikuandikie masharti kwenye karatasi yenye muhuri. Ahadi ya mdomo haina mtu wa kuilipa mwaka wa tatu. Wiki tatu zisipotosha, andika barua ya kuomba kuongezewa muda mapema, kabla ya siku ya mwisho, na ubaki na nakala. Akitokea mtu anayesema anaweza "kukushikia nafasi" kwa malipo nje ya ofisi, ondoka hapo na umripoti chuoni.

Na kama unaona mdogo wako amekuwa kimya tangu barua zifike, halali vizuri au hataki kuzungumzia chuo kabisa, usimwachie karatasi. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi au mwalimu wake wa zamani anayemjua, akae naye ana kwa ana. Wakati mwingine tatizo ni kozi yenyewe, na kijana anaogopa kukuambia wewe unayelipa kwamba uhandisi aliuchagua kwa sababu kila mtu alimwambia auchague. Ukienda huko kwa mkuu wa idara, nenda naye, na mwache yeye ndiye aulize kuhusu hisabati ya mwaka wa kwanza.